Kukanusha kwa Kiingereza: "Hapana" Yetu Isigeuke "Ndiyo"



Mtu anapozungumza lugha ya kigeni, makosa mengi husameheka. Ukisema "he go" badala ya "he goes", Mwingereza atakuelewa na mazungumzo yataendelea. Ukitamka neno kwa lafudhi ya Kigoma, atakuelewa pia. Lakini lipo kosa moja lisilosameheka kirahisi, nalo ni lile linalomfanya msikilizaji aelewe kinyume cha ulichokusudia. Kosa hilo hutokea zaidi tunapokanusha. Tunasema hapana, mwenzetu anasikia ndiyo, na hakuna kati yetu anayejua kwamba tumeshaachana njiani.

Jambo hili linatugusa huku kwetu. Kijana wa Ilagala humaliza darasa la saba akiwa amefundishwa kwa Kiswahili. Nyumbani huenda anazungumza Kiha, Kitongwe au Kibembe. Miezi michache baadaye anaketi kidato cha kwanza, iwe ni sekondari ya kata au seminari ndogo, na vitabu vya baiolojia, jiografia na hisabati vyote ni vya Kiingereza. Katika mtihani anakuta swali la kuchagua jibu ambalo ndani yake kuna neno dogo "not", na neno hilo peke yake linageuza swali zima. Na si mwanafunzi tu. Yupo mgonjwa anayehojiwa na daktari mgeni, yupo kijana anayetafuta kazi kwenye shirika la kimataifa, wapo ndugu zetu wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu wanaohojiwa kuhusu maisha yao. Kwa hao wote, tofauti ya "yes" na "no" si suala la alama darasani.

Katika makala hii tutaeleza jinsi Kiingereza kinavyokanusha, tukianzia kwenye Kiswahili tunachokijua. Hatutataja kila kanuni. Tutakaa pale ambapo Kiswahili na Kiingereza vinaachana, maana ndipo tunapoanguka.

1. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi

Tuchukue mama anayeuza dagaa sokoni. Anasema:

Ninauza dagaa – Siuzi dagaa.
Niliuza dagaa – Sikuuza dagaa.
Nimeuza dagaa – Sijauza dagaa.
Nitauza dagaa – Sitauza dagaa.

Angalia kilichotokea. Hatukuongeza neno lolote la pembeni. Kitenzi chenyewe kimebadilika. Mbele tumeweka "si-", na mara nyingi hata alama ya wakati imebadilika: "-na-" imetoweka na mwisho wa kitenzi umekuwa "-i", "-li-" imekuwa "-ku-", "-me-" imekuwa "-ja-". Ni wakati ujao tu uliobaki na "-ta-" yake. Lugha nyingi za Kibantu zina tabia kama hii. Mrundi akisema "sinzi", maana yake "sijui", na ukanushi umekaa mwanzoni mwa kitenzi kama wetu.

Kwa hiyo tunapoanza Kiingereza, tunakuja na mazoea haya: kitenzi ndicho kinachobeba kila kitu. Kinabeba mtenda, wakati, na hata "hapana" yenyewe. Kiingereza hakifanyi hivyo.

2. Kiingereza huomba msaidizi

Sasa mama yule yule aseme kwa Kiingereza:

"I sell dagaa." – "I do not sell dagaa."
"I sold dagaa." – "I did not sell dagaa."
"I have sold dagaa." – "I have not sold dagaa."
"I will sell dagaa." – "I will not sell dagaa."

Kanuni ni hii: neno "not" halikai na kitenzi kikuu. Hukaa mara baada ya kitenzi kisaidizi. Kama sentensi tayari ina kisaidizi, kama vile "have", "will", "can", "must" au "should", weka "not" baada yake na kazi imekwisha. Kitenzi "be" pia, yaani "am, is, are, was, were", hujitosheleza chenyewe: "Mimi si mvuvi" ni "I am not a fisherman".

Kama sentensi haina kisaidizi, inabidi aitwe mmoja, naye ni "do". Akija "do", huchukua mzigo wa wakati. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Wanaandika "I did not sold" na "She does not sells". Wameita msaidizi, lakini hawakumkabidhi mzigo. Tukumbuke kwamba mzigo wa wakati ni mmoja tu. "Did" akishaubeba, "sell" anatembea mikono mitupu. Vivyo hivyo "does" akishabeba ile "s" ya nafsi ya tatu, "sell" haina sababu ya kuibeba tena:

Mama anauza dagaa. – "Mother sells dagaa."
Mama hauzi dagaa. – "Mother does not sell dagaa."

Liangalie pia neno "have", kwa sababu lina kazi mbili. Likiwa msaidizi, linapokea "not" lenyewe: "I have not sold." Likiwa na maana ya kumiliki, kwa kawaida linahitaji "do": "Sina mtumbwi" ni "I do not have a boat". Unaweza pia kusema "I have no boat". Lakini usiziunganishe ukasema "I do not have no boat". Tutaeleza sababu hapo chini.

Huenda msomaji akauliza: huyu "do" alitoka wapi? Kiingereza cha kale hakikumhitaji. Zamani sana Waingereza waliweka neno dogo "ne" mbele ya kitenzi, karibu kama "si-" yetu. Baadaye neno "not" likaja kukaa baada ya kitenzi, na watu wakasema "I know not". Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alieleza safari hiyo ndefu katika kitabu chake cha mwaka 1917 kuhusu ukanushi katika Kiingereza na lugha nyingine. Matumizi ya "do" yalienea polepole, na Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, alitumia njia zote mbili. Biblia za zamani za Kiingereza, kama ile ya Kikatoliki ya Douay-Rheims ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1582, zinaonyesha mtindo ule wa kale. Ukikutana nao katika sala au nyimbo za zamani, uelewe, lakini usiuige katika barua ya kuomba kazi.

3. "Sikuuza" na "sijauza": hapa tuna mtaji

Si kila kitu ni kigumu. Lipo eneo ambapo Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Kila Mswahili anajua tofauti kati ya "sikuuza" na "sijauza". Mama akisema "jana sikuuza", soko la jana limefungwa. Akisema "sijauza", siku bado ni mbichi, mteja anaweza kuja.

Kiingereza kina tofauti hiyo hiyo:

Sikuuza jana. – "I did not sell yesterday."
Sijauza. – "I have not sold."

Kwa hiyo ukisikia "-ku-" kichwani mwako, tafuta "did not" na kitenzi kisichobadilika. Ukisikia "-ja-", tafuta "have not" au "has not" na kitenzi katika umbo lake la tatu: "sold, eaten, gone, arrived". Makosa kama "I have not eat" au "I didn't eaten" hutokea tunapochanganya njia hizi mbili.

Neno letu "bado" nalo lina nafasi hapa. "Kivuko bado hakijafika" ni "The ferry has not arrived yet". Ukiulizwa kama kimefika, jibu fupi ni "Not yet", si "Still" wala "Yet" peke yake. Lakini tuwe waangalifu na tabia yetu ya kujibu "bado" kwa adabu hata pale tunapomaanisha "hapana". Mzee asiye na gari akiulizwa kama amenunua gari anajibu "bado", na sote tunaelewa. Frateri akiulizwa na mgeni kama ameoa, kisha akatafsiri "bado" kwa "Not yet", mgeni atadhani mchumba yuko njiani. Jibu lake ni "No, I am not married".

4. Kanusho moja latosha

Katika Kiingereza sanifu, sentensi moja hupewa kanusho moja. Hapo ndipo lilipo kosa la "I do not have no boat". Kiingereza cha kale hakikuwa hivyo. Mshairi Chaucer, aliyeishi karne ya 14, aliweka makanusho mawili hata matatu ili kutilia mkazo. Katika karne ya 18 waandishi wa sarufi, akiwemo Robert Lowth, mwanazuoni wa Kianglikana aliyekuja kuwa Askofu wa London na ambaye sarufi yake ilitoka mara ya kwanza mwaka 1762, walisisitiza kwamba makanusho mawili yanafutana kama katika hesabu. Mitaani na katika nyimbo utasikia bado watu wakisema "I don't have nothing" au "I ain't got no money", na wanaelewana vizuri tu. Katika mtihani na barua, iache.

Tatizo letu hasa linatokana na maneno kama "nobody", "nothing", "never" na "nowhere". Kiswahili hakina neno moja lenye maana ya "nobody". Sisi lazima tukanushe kitenzi: "Hakuja mtu yeyote." Kwa hiyo mwanafunzi anaandika "Nobody did not come", akidhani kitenzi kisipokanushwa sentensi haijakamilika. Katika Kiingereza "nobody" imeshabeba ukanushi wote:

Hakuja mtu yeyote. – "Nobody came."
Sikumwona mtu yeyote. – "I did not see anybody", au "I saw nobody".
Sijawahi kufika Ujiji. – "I have never been to Ujiji."

Chagua sehemu moja ya kuweka "hapana". Ukiiweka kwenye kitenzi, maneno mengine yawe ya "any": "anybody, anything, anywhere". Ukiiweka kwenye "nobody" au "never", kitenzi kibaki bila kanusho. Kwa kanuni hiyo hiyo, "sikula wala sikunywa" ni "I neither ate nor drank", au "I did not eat or drink". Kanusho la kwanza linatosha kufunika vitenzi vyote viwili.

Tuangalie pia neno "wote". Mwalimu mkuu akitangaza "Wanafunzi wote hawakufaulu", tunaelewa kwamba hakuna aliyefaulu, na wazazi wataondoka vichwa chini. Akisema "Si wanafunzi wote waliofaulu", wapo waliofaulu. Katika Kiingereza, "All the students did not pass" inaweza kueleweka kwa njia zote mbili. Ni afadhali kuiepuka. Sema "None of the students passed" kama wote wameanguka, au "Not all the students passed" kama baadhi wamefaulu.

5. Tunapokanusha mahali ambapo Kiingereza hakikanushi

Kiswahili kina ukanushi unaojificha. Tunasema "Nawa mikono kabla hujala." Katika "hujala" kuna kanusho, na kwa fikra zetu ni sawa kabisa, maana wakati wa kunawa bado hujala. Mwanafunzi anatafsiri neno kwa neno: "Wash your hands before you have not eaten." Mwingereza atabaki anashangaa. Neno "before" halihitaji kanusho baada yake: "Wash your hands before you eat." Vivyo hivyo, "Lipa nauli kabla hujavuka mto" ni "Pay the fare before you cross the river".

Neno la pili ni "unless". Maana yake ni "isipokuwa kama", kwa hiyo ukanushi umo ndani yake tayari. "Usipoondoka sasa, utakosa kivuko" inaweza kuwa "If you do not leave now, you will miss the ferry", au "Unless you leave now, you will miss the ferry". Ukiandika "Unless you do not leave now", umegeuza maana: umemwambia mwenzako kwamba akiondoka sasa ndipo atakapokosa kivuko.

Jambo la tatu ni la mazoea zaidi kuliko kanuni. Sisi tunaweza kusema "Nadhani hatakuja" au "Sidhani kama atakuja". Mwingereza kwa kawaida huchagua njia ya pili na kukanusha kule mbele: "I don't think he will come." "I think he will not come" si kosa, lakini inasikika nzito, kama mtu aliyekwisha kata shauri.

6. "Si lazima" na "marufuku"

Hapa panahitaji umakini kuliko mahali pengine, kwa sababu hapa ndipo sheria na maagizo yanapokaa.

Neno "must" maana yake ni "lazima". Kwa hiyo wengi wetu tunadhani "must not" ni "si lazima". Sivyo. "You must not" maana yake ni "ni lazima usifanye", yaani marufuku. "Si lazima" ni "You do not have to" au "You need not". Katibu wa kigango akiandika tangazo kwa wageni, "Parents must not attend the meeting", akikusudia kwamba wazazi hawalazimiki kuhudhuria, amewafukuza wazazi wote.

Tuchukue mfano ulio karibu na kila nyumba ya ufukweni. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki na dagaa wapate kuzaliana, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tuseme mtu anamweleza mgeni asiyejua Kiswahili habari hiyo. Akisema "Fishermen must not fish", amesema kweli: ilikuwa marufuku. Akisema "Fishermen do not have to fish", mgeni ataelewa kwamba mvuvi akipenda avue, asipopenda apumzike. Tofauti ya sentensi hizi mbili ni tofauti kati ya kutii amri na kukamatwa pamoja na nyavu zako.

"May not" nayo ina sura mbili. "You may not enter" ni "Huruhusiwi kuingia". "He may not come" kwa kawaida ni "Huenda asije". Muktadha ndio unaoamua.

Kuna pia mtindo wa sheria na mikataba. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini bado tunakutana na mikataba na nyaraka nyingi za Kiingereza. Ndani yake utakuta sentensi zinazoanza na "No person shall". Mtu aliyezoea Kiswahili hutafuta ukanushi kwenye kitenzi, haoni "not", anadhani ni ruhusa. Kumbe ukanushi umekaa mwanzoni, kwenye "No". "No person shall enter" ni "Mtu yeyote asiingie". Kabla ya kutia sahihi, soma neno la kwanza la sentensi kama unavyosoma la mwisho.

7. "Yes" na "no" katika swali la kukanusha

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala hii.

Mtu anakuuliza kwa Kiswahili, "Hujauza mawese?" Kama hujauza, unajibu, "Ndiyo, sijauza." Kama umeuza, unajibu, "Hapana, nimeuza." Jibu letu linamtazama muulizaji. "Ndiyo" maana yake ni "ulivyosema ni kweli". "Hapana" maana yake ni "ulivyosema sivyo".

Kiingereza hakimtazami muulizaji. Kinatazama jambo lenyewe. Kama jambo halijafanyika, jibu ni "No", hata swali liwe limeulizwaje. Kama limefanyika, jibu ni "Yes".

"Haven't you sold the palm oil?"
Hujauza: "No, I haven't."
Umeuza: "Yes, I have."

Ni kinyume kabisa cha Kiswahili. Tena hatuko peke yetu katika ugumu huu. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa wanajua kwamba lugha hiyo ina neno la tatu. Mbali na "oui" na "non", kuna "si", ambalo kazi yake ni kumkatalia mtu aliyeuliza kwa kukanusha: "Si, nimeuza." Kiingereza hakina neno la tatu. Kina mawili tu, na tunapaswa kuyaweka mahali pake.

Tutazame gharama yake. Daktari mgeni anamuuliza mgonjwa, "You have never had a bad reaction to penicillin?" Mgonjwa huyu aliwahi kudhurika na penisilini, nusura apoteze maisha. Kwa mazoea ya Kiswahili anafikiri, "Hapana, nimewahi," na anatamka neno moja: "No." Daktari anaandika kwamba mgonjwa hana tatizo na dawa hiyo. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amefuata lugha yake kwa uaminifu. Lakini dawa itachomwa.

Au mkimbizi anaulizwa, "You have never carried a weapon?" Hajawahi. Anajibu "Yes", akimaanisha "Ndiyo, sijawahi". Aliyeshika kalamu anaweza kuandika kwamba amewahi kubeba silaha.

Kinga yake ni rahisi, nayo inaturudisha kwa yule msaidizi wetu wa mwanzo. Usijibu kamwe kwa neno moja tu pale swali lina kanusho. Taja kisaidizi baada yake: "No, I haven't." "Yes, I have." "No, I didn't." "Yes, I did." Ukiwa na wasiwasi kabisa, acha "yes" na "no" zote mbili, useme sentensi kamili: "I have never carried a weapon." "Penicillin made me very sick." Na wewe ukiwa ndiye muulizaji au mkalimani, usiulize kwa kukanusha. Uliza, "Have you ever carried a weapon?" Hapo "yes" ya Kiingereza na "ndiyo" ya Kiswahili zinakubaliana. Katika Mathayo sura ya 5 Bwana wetu anatufundisha juu ya unyofu wa ndiyo na siyo zetu. Anayetumia lugha mbili ana kazi ya ziada ya kuhakikisha unyofu huo umefika upande wa pili.

Swali moja la adabu lina mtego kama huo. Mgeni akiuliza, "Do you mind if I sit here?", anauliza kama utachukizwa akikaa. Ukitaka kumkaribisha, sema "No, not at all." Ukisema "Yes" kwa ukarimu, umemfukuza.

8. Kusema na kuandika

Katika mazungumzo, Waingereza hufupisha "not" kuwa "n't": "don't, doesn't, didn't, haven't, isn't, can't". Mawili yana umbo lake la pekee: "will not" huwa "won't", na "shall not" huwa "shan't", ingawa hili la pili halisikiki sana siku hizi. "Am not" halina ufupisho sanifu. Tunasema "I'm not".

Ugumu wake uko masikioni. Katika Kiingereza cha Uingereza "can't" hutamkwa kwa irabu ndefu, kama "kaant", na "can" katikati ya sentensi hufifia, karibu "kn". Wamarekani hutamka "can't" kwa irabu fupi zaidi, na "t" ya mwisho mara nyingi humezwa. Kama hukusikia vizuri, uliza: "Sorry, can or cannot?" Nawe unaposema jambo zito, tamka kwa ukamilifu: "I cannot." Katika insha, barua rasmi na maombi ya kazi, andika maumbo kamili, na kumbuka kwamba "cannot" kwa kawaida huandikwa neno moja.

Neno la mwisho ni juu ya "isn't it?" Huku kwetu tunaiweka mwishoni mwa kila sentensi, kama "sivyo?" yetu: "You come from Ilagala, isn't it?" Katika Kiingereza sanifu, mkia huu hufuata kisaidizi cha sentensi: "You are from Ilagala, aren't you?" "You come from Ilagala, don't you?" Kwa mara nyingine tena, aliyebeba kazi ni msaidizi.

Zoezi

Funika majibu kwa mkono, kisha jaribu kutafsiri.

1. Baba hauzi mawese.
2. Hatukuvua jana.
3. Kivuko hakijafika.
4. Sikumwambia mtu yeyote.
5. Si lazima ulipe leo.
6. Funga mlango kabla hujaondoka.
7. Unaulizwa: "Didn't you go to school?" Nawe hukwenda. Unajibu nini?

Majibu:

1. "Father does not sell palm oil." Ile "s" imebebwa na "does".
2. "We did not fish yesterday." Soko la jana limefungwa, kwa hiyo "did".
3. "The ferry has not arrived." Ni "-ja-", kwa hiyo "has not" na umbo la tatu.
4. "I did not tell anybody." Kanusho ni moja.
5. "You do not have to pay today." Ukiandika "must not", umemkataza kulipa.
6. "Close the door before you leave." Baada ya "before" hakuna kanusho.
7. "No, I didn't."

Kama umepata la saba bila kusita, umevuka sehemu ngumu zaidi. Kama umesita, mwombe mwenzako akuulize maswali kumi ya namna hiyo kila jioni kwa wiki moja, nawe ujibu kwa sauti, ukitaja kisaidizi kila mara. Sikio linajifunza haraka kuliko daftari.